Bunduki Ndogo ya Shabaha na Mafundi wa Owino

Miongoni mwa silaha ambazo raia wa Afrika Mashariki anaweza kuruhusiwa kisheria kuzimiliki kwa ajili ya mchezo, bunduki ya .22 ndiyo yenye teke dogo begani, ndiyo inayotumia risasi za bei nafuu, na ndiyo inayomfunza mlengaji utulivu wa pumzi na wa kidole bila kumtia hofu ya mshindo. Hata hivyo wanunuzi wengi huichagua vibaya, kwa sababu macho na fedha zao huelekea kwenye chuma, yaani mtutu, darubini na jina la kiwanda, na mwili wa mtu atakayeishika husahauliwa kabisa. Makala haya yanashikilia kwamba bunduki hiyo huwa sahihi kwa mambo mawili kabla ya yote: risasi inayoafikiana na mtutu wake, na kitako kinachoafikiana na bega, shavu na mkono wa mwenyewe. Kwa mkazi wa Kampala, sehemu kubwa ya kazi hiyo ya pili haihitaji vipuri vya kuagizwa Ulaya, kwani inaweza kufanywa na fundi cherehani na fundi wa ngozi wa soko la Owino, kwa sharti moja lisilo na mjadala, kwamba bunduki yenyewe haikanyagi sokoni.

Namba .22 hutaja upana wa tundu la mtutu, ambao ni takriban sehemu 22 za mia za inchi moja, sawa na milimita 5.6 hivi. Kinachoitofautisha zaidi risasi ya aina hii ni mahali ilipowekwa fataki, yaani ile kemikali inayolipuka ikigongwa na kuiwasha baruti. Katika risasi za bunduki kubwa, fataki huwa ndani ya kikombe kidogo katikati ya kitako cha ganda, ilhali katika risasi ndogo inayozungumziwa hapa hutandazwa ndani ya ukingo wa ganda, na pini ya bunduki huugonga ukingo huo, ikaubana, na fataki ikawaka. Mfaransa Louis-Nicolas Flobert ndiye aliyetengeneza risasi ya namna hiyo mwaka 1845, ikiwa ni kidonge kidogo kilichopachikwa juu ya ganda la fataki, kwa ajili ya watu waliotaka kulenga shabaha ndani ya nyumba zao. Mwaka 1857 kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani iliikuza ikawa risasi kamili kwa bastola yake ya kwanza, na mwaka 1887 kampuni ya J. Stevens, nayo ya Marekani, ilitoa risasi iitwayo .22 Long Rifle, ambayo mpaka leo ndiyo inayotumiwa na mwanafunzi anayeanza, na pia na bingwa wa Olimpiki katika mashindano ya bunduki ya mita 50.

Muundo huo una matokeo ambayo mnunuzi anapaswa kuyaelewa, maana ndiyo yanayoeleza kwa nini bunduki hizi hutenda zinavyotenda. Ukingo wa ganda ni lazima uwe mwembamba ili pini iweze kuubonyeza, na kwa sababu ni mwembamba hauwezi kustahimili msukumo mkubwa wa gesi, hivyo risasi hubaki ndogo na ya mwendo wa wastani, ikiwa na uzito wa takriban gramu 2.6 na kasi ya mita 320 hadi 380 kwa sekunde. Ganda likishatumika haliwezi kujazwa tena kwa njia ya kawaida, kwa hiyo mlengaji hutegemea kabisa ubora wa kiwandani, na kwa kuwa kutandaza fataki sawasawa ndani ya ukingo ni kazi ngumu, risasi za boksi moja hutofautiana kidogo na za boksi jingine hata kama nembo ni ileile. Udogo huo usimpumbaze mtu: maboksi mengi huonya kwamba risasi inaweza kwenda mpaka maili moja na nusu, na risasi ya .22 inaua.

Mazungumzo yote ya kuchagua yanatanguliwa na sheria. Nchini Uganda, Sheria ya Silaha ya mwaka 1970 inamtaka mtu awe na cheti kabla ya kununua, kumiliki au kutumia silaha, na maombi hayo hupitia mikononi mwa polisi, wakati kuunda silaha na kufanya biashara yake kunahitaji leseni ya pekee. Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na bodi yake ya kutoa leseni, na walengaji wa kiraia huko hukutana katika uwanja wa Kirigiti, Kiambu. Tanzania iliandika upya sheria yake mwaka 2015. Juu ya sheria za kila nchi ipo Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo kwayo mataifa ya Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika yalikubaliana kuzitia alama silaha, kuziandikisha na kuzifuatilia. Ukali huo una sababu zake katika historia ya eneo hili, na Uganda, iliyopita katika vita vya miaka ya 1970 na 1980 na ikaanza kukusanya bunduki za Karamoja mwaka 2001, ina kila haki ya kumtazama kwa makini mtu anayeomba silaha kwa ajili ya kujifurahisha. Mwombaji anayeliona jambo hilo kuwa usumbufu hajaiva kwa mchezo wenyewe.

Akishapata idhini, swali la kwanza ni aina ya mtambo. Bunduki ya komeo ina kipande cha chuma kinachovutwa nyuma na kusukumwa mbele kwa mkono, kisha kulazwa chini, kama komeo la mlango, na kila risasi huingizwa kwa tendo hilo. Bunduki inayojijaza yenyewe hutumia msukumo wa risasi iliyotangulia kutoa ganda tupu na kuingiza risasi mpya, na mfano wake unaojulikana sana duniani ni Ruger 10/22 ya Marekani, iliyotoka mwaka 1964 na ambayo ina wingi wa vipuri vya kubadilisha kuliko pengine bunduki nyingine yoyote ndogo. Wingi huo wa vipuri umewafanya waandishi wengi wa Marekani waipendekeze kwa kila mtu, lakini hoja hiyo hupungua nguvu Kampala, ambako kila kipuri huagizwa kutoka mbali, hulipiwa ushuru na huweza kuhitaji kibali. Bunduki ya komeo ina sehemu chache, haichagui sana kasi ya risasi, husafishwa kwa urahisi, na humlazimisha mlengaji atulie baada ya kila pigo, jambo ambalo kwa mwanafunzi ni faida kubwa kuliko wepesi wa kufyatua. Zaidi ya hayo, msimamizi wa uwanja akitazama tu huona kama komeo limefunguliwa, na bunduki iliyofunguliwa komeo na kuonekana tupu ndiyo pekee inayostahili kupita mbele ya watu.

Katika jamii hiyo ya komeo, zile za kiwanda cha CZ cha Jamhuri ya Cheki, zilizorithi bunduki za Brno za baada ya Vita vya Pili vya Dunia, zimejijengea heshima ya usahihi kwa gharama ya wastani, na toleo la 457 lina mtutu unaoweza kubadilishwa. Anschütz ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1856, imo mikononi mwa washindani wengi wa Olimpiki, na bei yake hulingana na sifa hiyo. Bunduki za zamani za BSA za Birmingham, Uingereza, ni ukumbusho wa enzi ambapo vilabu vya bunduki ndogo vilisambaa Uingereza kutokana na Vita vya Makaburu, na chama cha kuviunganisha kikaundwa mwaka 1901, kwa sababu vita hivyo vilionyesha kwamba vijana wengi hawakujua kulenga. Bunduki iliyotumika vizuri si ya kudharauliwa hata kidogo, kwa kuwa mtutu wa .22, unaopitisha risasi laini iliyotengenezwa kwa madini ya risasi na kupakwa nta, huchakaa polepole mno. Anayeinunua akague mdomo wa mtutu kama una pengo au mkwaruzo, kwa sababu hapo ndipo risasi inapoagana na chuma. Akague ukingo wa chemba, yaani tundu inamokaa risasi, kama pini imeuchimba kwa kufyatuliwa mara nyingi bila risasi ndani. Apitishe mwanga ndani ya mtutu kutafuta kutu. Na kabla ya yote alinganishe namba ya bunduki na namba iliyo kwenye hati, herufi kwa herufi.

Urefu wa mtutu huwasumbua watu bure. Baruti ya risasi ndogo hivyo humaliza kazi yake ndani ya sentimita 40 hivi za kwanza, na chuma kinachozidi hapo hakiongezi kasi ya maana, ingawa mtutu mrefu humsaidia anayetumia alama za chuma za kulengea, kwa sababu alama ya mbele ikiwa mbali na ya nyuma, kosa dogo la jicho huonekana mapema.

Risasi ndiyo jambo la kwanza kati ya yale mawili yaliyotajwa mwanzoni. Mlengaji anayetafuta usahihi hupendelea risasi za mwendo wa kawaida, zinazotoka chini kidogo ya kasi ya sauti, kwa kuwa zile za mwendo mkali huanza safari zikiwa juu ya kasi hiyo, kisha hupungua na kuivuka zikiwa bado hewani, na katika kuivuka hutikiswa. Hata hivyo hakuna mtu, awe muuzaji au bingwa, anayeweza kutabiri mtutu fulani utapenda risasi gani. Njia ya pekee ni kuchukua aina zote zinazopatikana kihalali katika eneo lake, kuiweka bunduki juu ya mifuko ya mchanga kwa umbali wa mita 50 siku isiyo na upepo, na kupiga makundi ya risasi kumi kumi kwa kila aina, huku risasi chache za mwanzo za kila aina zikiachwa bila kuhesabiwa ili mtutu uvae nta mpya. Umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi, ukipimwa kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jingine, ndio ukubwa wa kundi. Aina ya bei ndogo inayopatikana mwaka mzima na kufanya kundi la sentimita mbili na nusu ni bora kwa mchezo wa kawaida kuliko aina ya kifahari inayofanya kundi la nusu ya hapo lakini huonekana madukani mara moja kwa mwaka.

Linafuata la mwili, na hapa ndipo penye utajiri wa jambo hili. Kitako, yaani sehemu ya mbao au plastiki inayoshikwa mkononi na kukaa begani, hutengenezwa kiwandani kwa kipimo cha mwanamume wa wastani wa nchi inakotoka, na kutoka kwenye kifyatulio hadi mwisho wa kitako huwa sentimita 34 au 35. Mwanamke wa kimo kifupi, au kijana anayejifunza chini ya msimamizi, hulazimika kujinyoosha na kuegemea nyuma ili aifikie, na mtu aliyeegemea nyuma hawezi kutulia. Kipimo cha kukadiria hupatikana kwa kukunja mkono wa kufyatulia kwa pembe mraba na kupima kutoka ndani ya kiwiko hadi pingili ya kwanza ya kidole cha shahada, kisha kupunguza kidogo kwa ajili ya unene wa koti. Kasoro ya pili, ambayo ni ya kawaida zaidi, inahusu shavu: bunduki nyingi za zamani zilichongwa kwa ajili ya alama za chuma zilizo karibu na mtutu, na mtu akifunga darubini juu yake, jicho hulazimika kupanda sentimita kadhaa, shavu likaachana na mbao, na kichwa kikabaki kikielea.

Namna ya kugundua kasoro hiyo haigharimu kitu. Nyumbani, baada ya kuhakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba ni tupu, magazini imetolewa na hakuna risasi hata moja ndani ya chumba, mlengaji hufumba macho, huiweka bunduki begani na kulilaza shavu anapojisikia ametulia, kisha hufumbua. Asipoona duara kamili la darubini bila kusogeza kichwa, hupanga vipande vya kadibodi juu ya kitako, kimoja baada ya kingine, akivishika kwa gundi ya karatasi na kurudia jaribio, mpaka jicho lifumbuke likiwa katikati. Kisha hupima unene wa kadibodi zile kwa milimita, huchora umbo la mgongo wa kitako juu ya karatasi ngumu na kulikata, huifungia bunduki ndani ya sanduku lake la chuma, na kushuka sokoni akiwa na karatasi hiyo na utepe wa kupimia tu.

Soko hilo kwa jina rasmi ni Soko la St. Balikuddembe, kwa heshima ya Yosefu Mukasa Balikuddembe, shahidi Mkatoliki wa kwanza wa Uganda aliyeuawa tarehe 15 Novemba 1885 wakati wa Kabaka Mwanga, lakini Kampala nzima huliita Owino. Liko kando ya uwanja wa Nakivubo, limeungua zaidi ya mara moja, ikiwemo Februari 2009, na kila mara wachuuzi wamerudi na kulisimamisha upya. Sifa yake kubwa ni mitumba, ambayo Waganda huiita mivumba, na nyuma ya marundo ya mitumba wamo mafundi wa cherehani ambao kazi yao ya kila siku ni kuichukua nguo iliyoshonwa kwa mwili wa Mjerumani au Mkanada na kuifanya iukae mwili wa Mganda. Ustadi huo wa kusoma mwili na kuusahihisha mshono ndio hasa unaohitajika na mlengaji, na kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, hakuna duka la vifaa vya michezo katika mji huo linaloweza kuushinda.

Kitu cha kwanza cha kutafutwa ni koti. Koti la kulengea huzuia mapigo ya moyo na mtetemo wa misuli visifike kwenye bunduki, na hulilinda bega na viwiko pale mtu anapolala kifudifudi. Mashindano ya kimataifa yana kanuni kali juu yake, kiasi kwamba unene wa kitambaa kimoja hauruhusiwi kuzidi milimita 2.5, lakini mlengaji wa burudani hafungwi na kanuni hizo na anaweza kuchukua koti la ngozi au la turubai zito, la aina ambayo waendesha bodaboda huinunua kwa ajili ya baridi ya asubuhi. Achague lisilo na mfuko kifuani upande wa bega la kufyatulia, na fundi alipunguze mbavuni mpaka libane bila kuzuia pumzi. Halafu vishonwe viraka: vya ngozi ya mkoba wa zamani kwenye viwiko vyote viwili, cha mpira wa tyubu ya gari begani, upande unaonata ukiwa nje ili kitako kisiteleze, na kingine cha mpira huohuo nje ya mkono wa kushikilia, juu karibu na kwapa. Mshono wa kiraka cha bega usipite katikati, kwa sababu uzi uliotuna chini ya kitako huhisiwa katika kila pigo, na jambo hili fundi anapaswa kuambiwa kabla hajakaa kwenye cherehani.

Kiraka cha mkono kina kazi yake. Mlengaji anayelala hufunga mkanda mkononi juu ya kiwiko, ukapita nyuma ya kiganja na kufika kwenye ndoano iliyo chini ya sehemu ya mbele ya bunduki, na mkanda ukikazwa ipasavyo, uzito wote hubebwa na mfupa na ngozi badala ya misuli, kwa hiyo mkono hauchoki. Mkanda ukiteremka katikati ya mkono, hukaa juu ya mshipa mkubwa wa damu, na alama ya kulengea huanza kuruka kwa kila pigo la moyo. Ndiyo maana mpira huwekwa juu, ili uuzuie mkanda usishuke. Mkanda wenyewe hutoka kwenye mshipi mpana wa ngozi wa mitumba, sentimita tatu au nne, ambao fundi wa viatu huutoboa matundu ya karibu karibu, kila baada ya sentimita moja na nusu, na kuupa kifungo imara. Ngozi iliyopasuka ikikunjwa haifai, hata kama bizimu yake inang'aa.

Kwa ajili ya shavu, ile karatasi iliyokatwa hupewa fundi wa ngozi, ambaye hushona ala ya kuvishwa kwenye kitako na kufungwa kwa kamba chini yake kama kamba za viatu. Ndani yake hutiwa vipande vya soli ya kandambili vilivyokatwa kwa unene uliopimwa, kwa sababu sponji ya godoro hudidimia na kumfanya mtu awe na kimo kimoja asubuhi na kingine mchana, ilhali soli hubaki ilivyo. Vipande viwe vingi na vyembamba, vya milimita tano tano, ili mwenyewe aongeze au apunguze. Mifuko ya kuegemeza bunduki hutokana na mguu wa suruali ya jinzi, uliokatwa urefu wa sentimita 25, ukashonwa mara mbili na kujazwa robo tatu kwa mchanga mkavu uliochekechwa. Wapo wanaotumia mchele kwa kuwa ni mwepesi, lakini mchele katika unyevu wa Kampala huota ukungu na kuwaita panya. Kipande cha zulia kilichopigwa turubai upande wa chini kinatosha kuwa mkeka wa kulalia. Vya kununua vipya, tena vyenye alama ya kiwango, ni viwili: vizuia sauti vya masikioni na miwani ya kinga, kwa maana sikio na jicho havishonwi.

Kurefusha kitako ni rahisi, kwa kuongeza vipande vya mpira mgumu mwishoni mwake. Kukifupisha kunahitaji msumeno, na ingawa katika bunduki ya komeo kitako cha mbao hutengana na chuma kwa kufungua skurubu mbili tu, mwenyewe aulize kwanza kwa mamlaka iliyompa cheti kama inaruhusiwa kumpelekea seremala mbao hiyo peke yake. Mtutu, chemba na mtambo wa kifyatulio haviguswi na mtu yeyote asiye fundi wa silaha mwenye leseni. Mafundi wa chuma wa Katwe, mjini Kampala, wanasifika kwa haki kwa kuweza kutengeneza karibu kila kitu, na kwa sababu hiyohiyo ni vema wasiombwe kazi hii, kwani kifyatulio kilicholegezwa kupita kiasi hufyatuka bunduki ikianguka, mtutu uliofupishwa hugeuza silaha ya mchezo kuwa kitu kingine machoni mwa sheria, na fundi asiye na hatia anaweza kujikuta mahakamani pamoja na mteja wake. Anayeona kifyatulio ni kizito aanze kwa kusafisha mafuta makavu yaliyoganda ndani, jambo ambalo mara nyingi hutosha.

Darubini ya bunduki ndogo iwe imetengenezwa kwa ajili yake, kwa kuwa ile ya bunduki kubwa hurekebishwa kiwandani kwa umbali wa mita 100 au zaidi, na kwa umbali wa 50 alama yake huonekana kuhama jicho linapohama. Bunduki iliyorekebishwa kupiga katikati kwa mita 50 kwa risasi ya mwendo wa kawaida itapiga chini kwa sentimita 20 au zaidi kwa mita 100, na upepo wa kilomita 16 kwa saa unaotoka ubavuni utaisukuma risasi sentimita mbili au tatu hata kwa mita 50. Duara la kati katika shabaha ya Olimpiki ya umbali huo lina kipenyo cha milimita 10.4 tu, kwa hiyo anayejifunza kusoma majani na vumbi la uwanjani hupata faida ambayo hakuna darubini inayoiuza.

Utunzaji haupaswi kuchukua muda mwingi kuliko unavyostahili. Misimu miwili ya mvua ya Kampala, wa Machi hadi Mei na wa Septemba hadi Novemba, huleta unyevu unaotosha kuvimbisha kitako cha mbao na kukisogeza mpaka kikaugusa mtutu, na makundi yaliyokuwa madogo yakatawanyika bila sababu inayoonekana. Kipande cha karatasi kikipitishwa kati ya mtutu na mbao kikakwama, sababu imejulikana. Nta ya risasi huulinda mtutu, hivyo usisuguliwe kila mara, bali chemba ndiyo isafishwe, na sehemu zinazosogea zipakwe mafuta mepesi, ambayo yale ya cherehani yanafaa kabisa. Mikono ioshwe baada ya kila zoezi, kwa sababu madini ya risasi ni sumu, na watoto wa nyumbani wasipokelewe kwa mikono isiyooshwa.

Msomaji ambaye cheti chake kiko tayari na bado hajanunua darubini ya pili anaombwa asimame kidogo. Apime kwanza kutoka kifyatulio hadi bega, apime kadibodi za shavu, ayaandike yote mawili kwa milimita kwenye karatasi, aiache bunduki ikiwa tupu na imefungiwa nyumbani, risasi zikiwa mahali pengine, kisha ateremke Owino asubuhi, wakati mafundi wana nafasi ya kusikiliza.